Boma la Lisnarua na Barabara Mpya

Jumatatu, 8 Juni 1998
Msimamizi amenipa daftari hili niandike idadi ya magari, asubuhi na jioni. Magari yatakaa kurasa za mbele. Za nyuma ni zangu.

Kazi yenyewe ni kusimama katikati ya barabara ya zamani, hapa hapa kijijini Lisnarua, nikiwa nimeshika mti wenye bao la duara kichwani. Upande mmoja ni mwekundu, SIMAMA. Wa pili kijani, NENDA. Wanaokuja wakiona nyekundu, wanaokwenda wanaona kijani, basi. Kabla ya kurudi Ireland, miaka ishirini na sita nilipakua chakula kwenye kantini ya kiwanda kule Coventry, Uingereza, na hakuna aliyewahi kunisikiliza. Leo lori zima la maziwa limesimama kwa sababu Dympna Cryan amezungusha mkono. Nimerudi nyumbani mgongo umenyooka.

Mama hakunipongeza. Aliuliza tu, "Hiyo barabara mpya inapita wapi?"

Nikamwambia sijui, mimi nashika bao tu.

"Basi uliza," akasema.

Jumanne, 9 Juni
Mvua. Magari 212.

Alhamisi, 11 Juni
Nimejua inapopita. Injinia, dada mmoja mpole wa Kildare anayeitwa Orlaith Hession, amepita shambani kwa Malachy Feehily akichomeka vigingi vyenye rangi nyekundu. Vigingi vinapanda kilima, vinaingia Bomani, vinatokea upande wa pili.

Boma ni duara la tuta la udongo, kubwa kama uwanja wa kanisa, na ndani yake michongoma mitatu iliyopindana. Ni la Watu Wema, wale wasioonekana wanaosemwa wanaishi chini ya udongo. Hatuwaiti kwa jina lao lingine, na mimi mwenyewe nisiyewaamini nimeshangaa sasa hivi kuona kalamu yangu imelikwepa. Tangu utotoni tulikatazwa kuingia. Mpira ukiangukia mle, umeshakwenda. Ng'ombe wa Malachy wenyewe hula majani mpaka ukingoni, kisha wanageuka.

Malachy ameshauza kile kipande cha ardhi barabara itakapopita. Alisimama na mimi dakika tano, mikono mifukoni. "Watu Wema nao wapande basi," akasema. "Wakati umebadilika, Dympna."

Nilicheka. Jioni nilimsimulia Mama, nikitaka naye acheke. Alisukuma sahani yake pembeni.

"Hawatathubutu," akasema.

"Nani, Mama? Watu Wema au kampuni?"

Chakula hakukigusa tena. Ana miaka themanini na mitatu. Ukaidi ndio unaomshikilia mifupa.

Jumatatu, 15 Juni
Aibu. Mama amekuja kazini kwangu. Amekokota kiti cha jikoni mpaka kwenye lango la shamba la Malachy, akakaa, rozari mkononi, fimbo magotini, anatazama Boma. Amekaa tangu chai ya asubuhi hadi saa sita mchana.

Packie Scanlon, dereva wa katapila, alipaza sauti mbele ya wenzake wote: "Dympna! Mama yako anauza tiketi?"

"Nunua moja," nikamjibu, "ukaone watu wanavyofanya kazi."

Walicheka, nami nikacheka. Lakini nilipomrudisha Mama nyumbani nilimsemesha kwa ukali, nikimwambia ananidhalilisha kwa ushirikina wake. Alinitazama kama mtu anayesubiri mtoto amalize kulia.

"Kesho nitaleta mto," akasema. "Kiti kile ni kigumu."

Ijumaa, 19 Juni
Bomba la mafuta la katapila limepasuka, hatua mia kutoka Bomani. Vibarua wakaanza kunong'ona. Mmoja alijifanyia ishara ya msalaba. Nimeliona lile bomba: ni kuukuu kuliko mimi.

Mama alikuwa kitini, juu ya mto. Alimpungia Packie mkono, kwa adabu kabisa.

Jumatano, 24 Juni
Jana watu walikoka moto wa mkesha wa Mtakatifu Yohana njia panda, kama kila mwaka. Mada ilikuwa moja tu, Boma. Magari 240, wengi wanakuja kumwona Mama.

Alhamisi, 2 Julai
Siku ya tisa ya mvua. Kazi imesimama, mitaro imejaa maji, na Malachy analia majani yake ya ng'ombe hayakatiki. Kijiji kizima kinasema Boma limekasirika. Nasema hii ni Julai ya Sligo, na Julai ya Sligo haijawahi kuhitaji sababu.

Jumatatu, 6 Julai
Sijui nianzie wapi. Nianzie ukumbini.

Kampuni iliitisha mkutano shuleni baada ya chai ya jioni. Tulijaa mpaka tukasimama kwenye madirisha. Meneja, Bwana Treacy, alionyesha ramani ukutani, akazungumza vizuri, akaeleza watu wangapi wamekufa kwenye kona za barabara ya zamani. Ni kweli, wamekufa. Kisha mwalimu mstaafu akauliza habari ya Boma. Treacy akatabasamu.

"Mabibi na mabwana," akasema, "siwezi kupindisha barabara ya taifa kwa ajili ya hadithi."

Wengine walicheka, hata waliokuja kulitetea Boma. Kicheko cha mtu anayeona aibu kwa mambo ya kwao. Nakijua sana, nimekicheka miaka ishirini na sita Uingereza kila mara walipotuigiza namna tunavyosema.

Hapo Mama akainuka. Akashika kiti cha mbele yake. Ukumbi ukanyamaza, kwa sababu watu wote wamemwona kwenye lango zile wiki tatu. Akafungua mdomo. Hakikutoka kitu. Alisimama hivyo mpaka mtu mmoja nyuma akakohoa. Akakaa.

Sijawahi kumwona Mama akikosa neno. Nilimshika mkono tukatoka.

Tulipofika kwenye lango la Malachy akaniambia nisimamishe gari. Jua lilikuwa bado juu ya kilima, mvua imekatika. Alizungumza akitazama mbele, kwenye kioo.

"Kaka yako yumo mle."

Nikafikiri akili zake zimemtoka. "Mimi sina kaka, Mama."

"Unaye. Mwaka arobaini na nne. Ulikuwa na miaka mitatu. Alizaliwa akapumua kidogo tu, akaacha. Padri alikuwa mbali na hakuna aliyethubutu kumtia maji ya ubatizo. Asiyebatizwa hakuzikwa kwenye makaburi ya kanisa, ndiyo ilikuwa sheria. Padri wa wakati huo alinisomea sala mlangoni, hata kuingia hakuingia. Akasema nimshukuru Mungu ninaye mwingine."

Alifuta ukungu kwenye kioo kwa kiganja, akaendelea.

"Baba yako alimtia kwenye sanduku la majani ya chai. Akaondoka naye alfajiri, kabla watu hawajaamka. Mimi sikuruhusiwa kwenda, wanawake hawakwenda. Alirudi viatu vimelowa, akasema: nimempeleka kwa Watu Wema, Concepta. Wao hawakuuliza cheti cha ubatizo."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia nini? Tulikatazwa hata kulia. Lakini nilijua yuko wapi, na nilijua hakuna mtu atakayepitisha jembe pale, kwa kuwa kila mtu anawaogopa. Miaka hamsini na minne wamenitunzia. Wewe unawaita ushirikina. Mimi nawaita majirani."

Sikuwasha gari mpaka jua likazama.

Jumanne, 7 Julai
Nilikwenda kazini. Sikuhesabu magari.

Alhamisi, 9 Julai
Nilimuuliza Mama kama kaka yangu yupo peke yake mle. Alinitajia nyumba saba, palepale, bila kufikiri, kama mtu anayetaja watoto wake. Nyumba ya sita ilikuwa ya kina Feehily. Wawili.

Nilimkuta Malachy kwenye majani, asubuhi ya kwanza ya jua kwa wiki mbili, anakata kwa pupa. Nilimpungia mkono, akazima trekta.

"Dympna, kama ni habari ya Boma, nina saa tatu za jua na—"

"Mama yako ana watoto wawili waliozikwa mle. Mmoja kabla yako na mmoja baada yako."

Alinitazama kama nimempiga kofi. Niliona hasira ikija, ikafika usoni, kisha ikapotea na mahali pake pakabaki wazi. Malachy ninamjua tangu darasa la kwanza. Siku zote nimemwona mtu wa maneno mengi na moyo mfupi.

"Alikuwa akipeleka maziwa," akasema polepole. "Kikombe kila Jumamosi. Anakiacha juu ya tuta. Tukimuuliza, anasema ni ya Watu Wema, wasije wakatuchukua. Tulimcheka, Dympna. Mimi na kaka zangu tulikuwa tukimwigiza anavyotembea na kile kikombe."

Akashuka kwenye trekta. Akavua kofia yake, akaishika, akaivaa tena. Majani hakuyamaliza, na usiku huu mvua inanyesha.

Ijumaa, 10 Julai
Nilimweleza injinia. Orlaith alikaa kwenye mlango wa gari lake, akasikiliza mpaka mwisho bila kuandika. Kisha akanieleza sheria. Ikijulikana kuna makaburi, wataitwa wataalamu wa mambo ya kale. Watachimba kwa uangalifu, kwa brashi. Mifupa itawekwa kwenye maboksi yenye namba, ihifadhiwe Dublin.

"Wataheshimiwa, Bi Dympna. Nakuahidi."

"Walishatiwa kwenye boksi mara moja," nikasema.

Aliangalia chini. Akasema njia pekee ni kuhamisha mstari wa barabara, na hilo linataka michoro mipya na sahihi za wakubwa, na yeye ni mdogo. Wiki tatu, labda tano. Ila amri ya kung'oa michongoma na kusawazisha tuta imeshatoka. Jumanne.

"Likishasawazishwa," akasema, "hakutakuwa na cha kujadili."

"Utaichora hiyo michoro?"

"Naanza leo."

Jumanne, 14 Julai
Mkono wangu bado una ganzi, lakini nitaandika.

Saa tatu asubuhi lori lilikuja na katapila kubwa mgongoni, Packie amekaa pembeni ya dereva. Ili kufika kwenye lango la Malachy lazima lipite kwangu. Nikageuza bao. Nyekundu. Likasimama.

Dakika tano. Kumi. Magari ya upande wa pili yanapita kwenye kijani yao. Dereva wa lori akapiga honi.

"We mama! Umelala?"

"Niko macho kabisa."

"Sasa vipi?"

"Unajua kusoma? Imeandikwa SIMAMA."

Packie akateremka akija na kicheko chake. "Dympna, acha utani, bwana. Bosi yuko nyuma."

"Packie, mama yako ni wa nyumba ya kina Scanlon ya kisimani?"

"Ndiyo. Kwa nini?"

"Kamuulize kilichomo mle kabla hujakikanyaga. Nyumba yenu ni ya nne."

Sijui alikuwa ameshasikia tetesi au vipi. Kicheko kilimwisha. Alirudi kwenye lori, akakaa kwenye ngazi yake, akavua helmeti.

Nyuma ya lori foleni ilikuwa imefika kanisani. Gari la posta, basi la Sligo, lori la maziwa, watu wanaowahi kazini. Honi juu ya honi. Treacy akaja kwa miguu, uso mwekundu kuliko bao langu.

"Geuza hilo bao."

"Hapana."

"Umefukuzwa kazi. Sasa hivi."

"Sawa," nikasema. "Nani atalishika?"

Aligeuka kuwatazama vibarua. Wote kumi na mmoja. Mmoja akaanza kufunga kamba ya kiatu. Mwingine akagundua kitu angani. Hakuna aliyesogea. Treacy akalishika bao yeye mwenyewe, akalivuta, nami nikalivuta, tukawa kama watoto wawili na mwiko mmoja, na abiria wa basi wakateremka kuona.

Hapo ndipo trekta la Malachy lilipotoka shambani, nyuma yake tela la majani yaliyooza kwa mvua. Akaliegesha langoni mwake, likaziba lango lote. Akazima. Akatia ufunguo kwenye soksi.

"Hiyo ardhi tumenunua!" Treacy akamwambia.

"Ardhi mmenunua," Malachy akasema. "Waliomo sikuwauza. Sikujua ninao."

Mama alikuwa kwenye kiti chake. Akainuka, akapanda juu ya jiwe la langoni, Malachy amemshika kiwiko. Honi zikanyamaza moja baada ya nyingine. Safari hii sauti ilitoka.

"Mimi ni Concepta Cryan," akasema. "Nina mtoto mle. Nilinyamaza miaka hamsini na minne kwa kuwa niliambiwa ni aibu. Aibu si yangu. Walioogopwa na kila mtu ndio waliomfungulia mtoto wangu mlango. Anayetaka kuvunja nyumba yao aje aniambie mimi kwanza, nimsikie."

Mlango wa gari moja ukafunguliwa, mwanamke nisiyemjua, mzee kama Mama, akapita katikati ya magari na mkoba wake mkononi, akaenda kusimama chini ya lile jiwe. Akaja wa pili. Kondakta wa basi akamteremsha wa tatu kwa mikono yake. Walifika tisa. Tisa, si saba. Mama hakuwajua wote.

Packie akamwambia dereva wa lori, "Rudisha nyuma." Na kwa kuwa foleni yote nyuma ilibidi irudi nyuma kwanza, kazi hiyo ilichukua saa nzima, na sikumsikia hata mtu mmoja akilalamika.

Orlaith alikuwa kwenye simu ya ofisini tangu asubuhi. Saa tisa alasiri amri ikaja: kazi isimame kwa muda.

Nilimkabidhi Treacy bao lake, uso wa kijani juu. Daftari sikumpa.

Jumatano, 15 Julai
Sina kazi. Nimelala mpaka saa mbili. Mama ameniletea chai kitandani, jambo ambalo hajafanya tangu nilipougua surua.

Jumatatu, 3 Agosti
Wanawake wanakuja jikoni kwetu. Wanakula mkate wa magadi, wanasema habari za hali ya hewa, halafu mmoja anaanza. Mimi naandika, nyuma ya kurasa za magari: mwaka, nyumba, nani alimbeba. Nilidhani Lisnarua ni kijiji cha waoga. Hawa wamebeba mzigo huu na ndoo za maziwa na bado walicheza dansi harusini kwangu, ya ndoa iliyokuja kuvunjika.

Alhamisi, 13 Agosti
Orlaith amekuja na michoro ya mstari mpya. Mvua ilikuwa inapiga dirisha, tukaitandaza mezani, tukaibana kwa vikombe. Barabara inajipinda kabla ya kilima, inaliacha Boma na nafasi nzuri kuzunguka. Alisema wakubwa wake wanataka ushahidi. Nikampa orodha. Watoto kumi na wanne.

"Hapa wa kwanza hana jina," akasema. "Nyumba ya Cryan."

Nilikuwa sijathubutu kuuliza. Mama alikuwa anakoroga uji, mgongo kwetu.

"Colman," akasema. "Andika kwa herufi kubwa."

Ijumaa, 28 Agosti
Wamekubali! Barua imefika kwa Orlaith na nakala kwetu. Mama amenitaka niisome mara tatu, kisha akaipeleka mwenyewe kwa jirani ili asomewe mara ya nne.

Jumamosi, 5 Septemba
Jua. Vigingi vipya vimechomekwa, na vinapita kwenye shamba la bondeni la Malachy, lile zuri, ambalo baba yake alilitoa mawe kwa mikono. Nilimuuliza kama linamuuma.

"Linaniuma," akasema. "Lakini nikipita nikaliona, nitajua nimelitoa kwa nani."

Kijiji kizima kilitoka kumsaidia kukausha majani. Packie alikuja na mama yake. Sijawahi kuona aibu ikigeuka kuwa kitu kingine haraka hivi. Watoto wa shule wanawaambia wageni, vifua mbele, "Barabara ya kwetu imepinda."

Jumapili, 20 Septemba
Leo baada ya misa tulikwenda Bomani. Watu kama sitini, nguo za kanisani na mabuti ya mvua. Mama hakuwahi kuingia mle maisha yake yote. Kwenye mwanya wa tuta alinishika mkono kwa nguvu, tukaingia wawili, halafu wale wengine tisa na watoto wao na wajukuu.

Hakuna cha kuona. Nyasi, michongoma imejaa matunda mekundu, na mawe madogo meupe ya makaburi, ambayo mgeni angeyapita. Mama aliyatazama yote. Hakujua lake ni lipi, akainama akaligusa kila moja. Kisha akanyooka, akasema kwa sauti ya kawaida, kama anayeongea na mtu ng'ambo ya ua:

"Mmenitunzia vizuri. Asanteni."

Mimi siamini. Lakini nami nilisema asanteni, na nilisema kwa sauti.

Padri wetu wa sasa, kijana mwenye masikio makubwa aliyefika parokiani mwaka huu, alikuwa amebaki nje ya tuta na kitabu chake na maji ya baraka. Alikuwa hajaalikwa, wala hajafukuzwa. Aliniita kwa mkono.

"Bi Dympna, mwulize Mama kama naweza kuingia nibariki."

Mama alimsikia. "Asiniulize mimi," akasema. "Awaulize wenyewe."

Watu wote wakageuka kumtazama. Masikio yake yakawa mekundu. Nilidhani ataondoka, wenzake wa zamani wangeondoka, na kutuachia hotuba. Yeye akaweka kitabu kwapani, akavua kofia, akatazama ile michongoma mitatu.

"Hodi," akasema.

Upepo ukapita. Mama akasubiri kiasi ambacho mwenye nyumba husubiri, akatazama huku na huku, akaitikia kwa kichwa mara moja kama aliyeambiwa jambo.

"Karibu," akasema. "Futa viatu."